Injini Mbili, Nyumba Moja

Kwetu Sori, mwenye boti haachi injini ufuoni usiku. Boti hufungwa kwa mnyororo na kubaki pale, lakini injini hubebwa begani au kwa bodaboda hadi nyumbani, kwa kuwa wezi wa injini wanajulikana kila ufuo wa Ziwa Viktoria, na injini moja ni jasho la miaka. Ndiyo maana sebule yetu ni gereji vilevile. Injini kubwa, ya nguvu farasi 15, ina kigogo chake nyuma ya mlango, na wageni wamezoea kunywa chai huku wakiitazama. Injini ndogo ilipoletwa, kochi lilibidi lihame.

Ililetwa kwa sababu ya usiku mmoja ambao hatukulala. Baba Watoto na shemeji walikuwa wakirudi kutoka kisiwa cha Mfangano na magunia ya omena (dagaa) iliyokaushwa. Injini ilizima mbele ya vilima vya Gwassi, jua likiwa limeshazama. Mchana upepo ungewasukuma ufuoni, maana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji na upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, upepo hutoka pwani kwenda ziwani, na huko katikati mawingu hukusanyika na kuzaa zile dhoruba za usiku wa manane wanazozijua vizuri wavuvi wa omena. Ziwa hili lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na sehemu ya Kenya ni kama asilimia 6 tu. Boti isiyo na injini haikawii kuingia maji ya Uganda au Tanzania, na huko utaulizwa vibali hata kama umeletwa na upepo.

Walipiga makasia usiku kucha. Kulipopambazuka walikuwa wamefika ufuo wa watu wengine, viganja vikiwa vimechunika. Mama mkwe wangu, aliyekesha kwenye kiti cha mbao kando ya mlango, aliwapokea kwa uji, akangoja wanywe, ndipo akanigeukia. "Nyathina," yaani mwanangu, akasema, "boti hii haitoki tena na injini moja." Hakumwambia mwanawe, aliniambia mimi, kwa kuwa anajua mkoba wa nyumba unakaa wapi.

Tulilijadili jambo hilo kwa siku kadhaa. Shemeji alishikilia kwamba makasia yanatosha, kwamba babu zao walivuka hadi Mfangano kwa makasia na tanga. Nilimwambia, "Shemeji, babu zako hawakupakia magunia unayopakia wewe." Baba Watoto alitaka injini ya pili iliyo sawa na ya kwanza, lakini pesa ya hiyo haikuwepo. Nilichopendekeza mimi ni injini ndogo iliyotumika, isiyokusudiwa kwenda kasi. Kazi yake iwe kuielekeza omo kwenye mawimbi ili boti isigeuzwe ubavu, kisha kuturudisha nyumbani kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka. Makasia yabaki palepale chini ya mbao za kukalia.

Injini hizi za kufungwa nyuma ya boti zilianza na kisa cha nyumbani vilevile. Ole Evinrude, fundi mzaliwa wa Norway aliyeishi Milwaukee nchini Marekani, husimuliwa kwamba alipata wazo lake mwaka 1906, alipopiga makasia siku ya joto kumletea mchumba wake Bess aiskrimu, ikayeyuka kabla hajamfikia. Injini zake zilianza kuuzwa mwaka 1909, na Bess ndiye aliyeendesha ofisi na kubuni tangazo lililowahimiza watu wayatupe makasia yao. Namheshimu sana mwanamke huyo kwa jinsi alivyoishika biashara ya nyumba yake. Ila katika ziwa letu, makasia hayatupwi.

Mkopo ulitoka kwenye chama chetu cha wanawake wanaouza omena, kwa jina langu. Baba Watoto akaenda Homa Bay mjini na kurudi kupitia Rongo na Migori, injini ikiwa imefungwa kwenye gunia juu ya matatu: nguvu farasi 8, uzito wa kilo 27 hivi, rangi imebabuka, lakini ikivutwa kamba inaitika.

Alitaka kuhakikisha siku hiyohiyo kwamba inaitika. Injini ya namna hii hupoozwa na maji inamokaa. Ukiiwasha hewani, pampu yake yenye mapezi ya mpira huungua upesi sana. Inahitaji pipa la maji, na pipa la pekee uani lilikuwa lile ambalo binti yetu mkubwa alikuwa amelijaza asubuhi kwa mkokoteni, jerikeni baada ya jerikeni. Nilikuwa sokoni. Niliporudi, moshi wa buluu ulikuwa umejaa jikoni, kuku wamekimbilia kwa jirani, na juu ya maji ya kuogea na kufulia kulikuwa na utando wa oili unaometameta kwa rangi zote. Binti alikuwa amesimama kando ya pipa, mikono kiunoni, hasemi neno. Baba yake alizima injini, akamtazama, akachukua mkokoteni mwenyewe na kuelekea ziwani. Tangu siku hiyo pipa hilo ni la injini, na la maji tulinunua jingine.

Kuifunga injini kulifanywa na fundi mmoja wa injini za boti ambaye alikuwa na haraka. Alileta kibao cha kuning'inizia, akakikaza kwenye ubao wa tezi kwa skrubu za mbao, kando kabisa ya injini kubwa, kisha akaunganisha mpira wa mafuta wa injini ndogo kwenye tangi lilelile la injini kubwa kwa kiungio cha matawi mawili. Alimaliza kabla ya chakula cha mchana. Kwa macho, kazi ilipendeza.

Ziwa lilianza kuikagua jioni ileile. Baba Watoto alipokata kona kali, kichwa cha injini kubwa kiligonga kile cha injini ndogo, na mkono wa usukani ukakwama katikati. Alipozima kubwa na kushusha ndogo, tulisikia mlio mkali wa injini inayozunguka bila mzigo. Mguu wake, yaani ile sehemu inayoshuka majini, ulikuwa wa aina fupi, ya tezi yenye kimo cha inchi 15 hivi. Tezi ya boti yetu ya mbao inataka mguu mrefu, wa inchi 20. Kila wimbi lilipoinua tezi, propela ilitoka majini na kukata hewa. Aidha injini ilikuwa pembeni mno, hivyo boti ilipolala upande wa pili, propela iliinuka zaidi. Na kila mlio ulipokuja, zile skrubu zilitikisika ndani ya ubao.

Fundi alipopigiwa simu alisema itazoea. Wanaume wangu waliamua kuitumia hivyohivyo kwanza, wakingoja pesa ya marekebisho.

Kilichofuata nilikishuhudia mwenyewe, nikiwa nimekaa juu ya magunia yangu. Tulikuwa tunavuka Ghuba ya Karungu mchana, mawimbi ya wastani. Injini kubwa ilikohoa, ikavuta pumzi, ikakohoa tena, ikanyamaza. Baba Watoto hakushtuka. Alishusha ile ndogo, akavuta kamba, ikawaka. Shemeji alipiga kofi la furaha. Tukasonga kidogo, kisha nayo ikakohoa kwa sauti ileile na kunyamaza vilevile. Hapo ndipo niliona uso wa mume wangu ukibadilika.

Shemeji alichomoa mpira wa mafuta na kukinga mafuta ya chini ya tangi kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa. Tuliyaacha yatulie. Juu ilielea petroli yenye rangi ya oili, na chini yake kulikuwa na tabaka la maji angavu, limejitenga kwa mstari ulionyooka kabisa. Petroli ni nyepesi kuliko maji, na mpira wa mafuta hunyonya kutoka chini ya tangi, penye maji. Injini ndogo iliwaka kwa yale mafuta safi machache yaliyokuwa yamebaki ndani ya kabureta yake. Yalipokwisha, ilinyweshwa maji yaleyale yaliyomzima mwenzake.

Boti ya majirani ilitutupia kamba, ikatuvuta hadi Sori. Hakuna aliyeumia na hakuna gunia lililolowa. Lakini usiku ule, injini zote mbili zikiwa sebuleni zimeelekeana, niliwaambia kile ninachokiamini hadi leo: hatukuwa na injini mbili. Tulikuwa na injini moja yenye vichwa viwili. Injini ya pili ni ya pili pale tu isipotegemea chochote kinachoweza kuiangusha ya kwanza: si tangi, si mpira, si plagi, si mtu mmoja anayejua kuiwasha.

Kati ya Aprili na Julai, uvuvi wa omena hufungwa upande wa Kenya ili samaki wazaliane. Nyumba nyingi za ufuoni hutumia miezi hiyo kuziba nyufa za boti na kushona nyavu. Sisi tuliitumia kuanza upya. Baba Watoto aliirudisha injini ya mguu mfupi Homa Bay, tukaongeza pesa, akapata ya mguu mrefu yenye nguvu zilezile. Na safari hii kazi ya ubao tulimpa mzee anayeunda boti, mtu ambaye hushika mbao kwa viganja vyote viwili kabla ya kushika futi.

Mzee huyo hakutoboa kitu siku ya kwanza. Aliomba katoni. Nilimpa ya sabuni, akaifungua sakafuni sebuleni na kuchora juu yake umbo la ubao wa tezi kwa vipimo kamili, kisha akakata katoni nyingine mbili kwa umbo la injini zikitazamwa kutoka juu. Watoto walipiga magoti kumzunguka. Akawa anaizungusha katoni ya injini kubwa kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, na kuisogeza ile ya ndogo hadi pale ambapo hazigusani hata zikigeuziwa upande mmoja. Akatia alama kwa kalamu. Alama ilikuwa karibu na katikati ya boti kuliko alivyoiweka fundi wa kwanza, na hapohapo ndipo propela ingetoka majini kwa nadra zaidi.

Kisha akapima kwenda chini. Kuna bapa dogo juu ya propela ya kila injini, na kazi yake ni kuzuia propela isivute hewa ya juu ya maji. Mzee alitaka bapa hilo liwe chini kidogo ya usawa wa sehemu ya chini ya tezi, kama inchi moja. Alilishusha, akalala kifudifudi mchangani kulitazama, akalishusha tena.

Ndani ya tezi alipachika ubao wa mvule, mpana kuliko kibao cha injini pande zote, ili nguvu ya kusukuma isambae isikae kwenye tundu. Skrubu za mbao zilitupwa. Badala yake alipitisha bolti za chuma kisichoshika kutu kutoka nje hadi ndani, na washa pana nyuma ya kila nati. Kabla ya kuingiza kila bolti aliyanywesha matundu mafuta ya mbao, akazungushia uzi wa pamba uliopakwa lami, vilevile anavyokalafati nyufa za boti. Alinieleza bila kunitazama, akiendelea kukaza: "Mama, ubao hauozi kwa sababu ya ziwa. Unaoza kwa sababu ya tundu." Mwisho akaifunga injini ndogo kwa mnyororo hadi kwenye pete ya tezi, kwa kuwa vibano hulegezwa na mtikisiko, na injini iliyodondoka ziwani hairudi.

Mafuta yalikuwa kazi ya nyumba. Injini yetu ndogo hutaka oili sehemu moja kwa petroli sehemu hamsini, kwa hiyo tangi lake la lita 10 linahitaji mililita 200 za oili. Binti mkubwa ndiye aliyepiga hesabu hiyo na kuichora kwa rangi juu ya tangi. Kwa kupimia, tulitumia chupa ya kunyonyea ya kitinda mimba, ambaye alikuwa ameshaiacha; ina alama za mililita zinazosomeka vizuri. Niliipaka rangi nyekundu ili isirudi jikoni hata kwa bahati mbaya. Petroli nayo niliipiga marufuku ndani ya nyumba. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa; hutambaa sakafuni kimyakimya hadi ulipo moto wa jiko. Baba Watoto alijenga kibanda kidogo cha mabati mbali na nyumba, chenye matundu chini na juu, na kila jerikeni inayotoka humo huchujwa kwa kitambaa kizito, kisha hukaguliwa kwenye chupa angavu.

Siku ya kujaribu, mama mkwe alisema atapanda mwenyewe. Tulitoka vizuri. Injini ndogo ilisukuma boti bila ule mlio, omo ikakaa sawa, mama akaitikia kwa kichwa. Baada ya muda ikaanza kupungua nguvu, ikazima. Baba Watoto alibonyeza kile kibofu cha mpira cha kusukumia mafuta. Kilikuwa kimenywea na hakikujaa tena. Ubavu wa tangi ulikuwa umebonyea kwenda ndani. Ndipo mama akasema, kwa utulivu wake wote, kwamba harufu ya petroli ilikuwa inamsumbua, akaona kiskurubu juu ya kifuniko kimelegea, akakikaza. Kiskurubu kile ndicho hupitisha hewa. Mafuta yakitoka bila hewa kuingia, tangi hujibana na injini hufa kiu ilhali mafuta yapo. Alikilegeza mwenyewe, tangi likavuta pumzi kwa sauti, injini ikawaka. Tangu hapo, boti haiondoki Sori kabla mama, au mjukuu aliyemteua, hajatamka kwamba hewa iko wazi.

Ni mama huyohuyo aliyetukumbusha uzito. Injini, tangi na mnyororo vyote vimekaa nyuma, na tezi ilikuwa imeshuka. Alitaja MV Nyerere, kivuko kilichopinduka karibu na Ukara upande wa Tanzania tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa kimejaza watu kupita kiasi, wakafa zaidi ya 200. "Ile haikukosa injini," alisema. Tukapunguza mzigo, tukasogeza magunia yaliyobaki mbele kidogo, na nikaikubali hasara ya nauli ya magunia tuliyoyapunguza kila safari. Injini ya akiba haiokoi boti iliyopakiwa kuzama.

Mtihani wenyewe ulitujia Homa Bay. Tulikuwa tumepita chini ya daraja la Mbita, pale palipokuwa na tuta lililoziba mlango wa maji kati ya bara na Rusinga, tukaingia Ghuba ya Winam kupeleka omena mjini. Gugumaji limekuwa likiisumbua ghuba hii tangu miaka ya 1990; upepo hulihamisha, asubuhi liko huku, jioni liko kule. Tulipokaribia mji, lilikuwa limetandaza blanketi la kijani mbele yetu, na upepo ukalifunga nyuma yetu pia. Mizizi yake mirefu ilijisokota kwenye propela kubwa na kuziba tundu linaloingiza maji ya kupoozea. Kile kimchirizi cha maji kinachotoka ubavuni mwa injini kikakatika. Baba Watoto alizima mara moja, kabla haijaungua.

Hapo ndipo mafunzo ya nyumbani yalipozaa matunda. Hakuna aliyeshusha injini ndogo ndani ya gugu, ingeviringwa vilevile. Shemeji alitoa makasia yake, akapondoa na kusukuma, mimi nikikata mizizi kwa kisu upande wa pili, hadi tukafika maji wazi. Ndipo injini ndogo ikashushwa, hewa ikafunguliwa, kamba ikavutwa. Aliyeivuta alikuwa binti yetu, maana baba yake alikuwa ameinamia injini kubwa, akitoa mizizi. Ikawaka. Tuliiacha injini kubwa ikiwa imeinuliwa, tukaenda polepole hadi gatini, na magunia yakafika sokoni siku hiyohiyo.

Sasa nyumba yetu ina desturi ambazo ningependa kila nyumba ya ufuoni izifuate, kutoka Muhuru Bay hadi Kendu Bay. Injini ndogo huwashwa kila safari, hata kama hakuna shida, hadi ipate joto, kisha huinuliwa na kufungwa ili isikokotwe majini. Mafuta yake hayakopeshwi injini kubwa, hata ufuo ukiwa unaonekana. Plagi za akiba, spana na kisu hukaa kwenye ndoo yenye kifuniko, na jaketi za kuokoa maisha huvaliwa, hazikaliwi. Na kila anayepanda boti hiyo akiwa na nguvu za kuvuta kamba lazima ajue kuivuta, mwanamke na mwanamume, kwa sababu anayeijua injini anaweza kuwa ndiye aliyeumia.

Deni la chama nimelimaliza. Wanachama wenzangu wawili wamekopa kwa ajili ya jambo hilohilo, na niliwapa sharti moja kabla ya kutia sahihi ya udhamini: nunueni tangi la pili siku moja na injini.